Mtu Aliyepita Nyuma ya Mpelelezi

“Sid! Sid, mimi hapa!”

Tulimwacha Ivy Tapsell amesimama katikati ya sinema ya Deptford, mkono ameunyoosha kuelekea pazia, akimwita mume wake. Mume aliyekufa kwa bomu la Wajerumani miaka kumi na minne iliyopita. Mume ambaye dakika hiyo hiyo alikuwa anakatiza barabara kwenye filamu, mzima, na kofia yake kichwani.

Na Jumamosi hii, msomaji usisahau, Ivy anaolewa na mwanamume mwingine.

Sid hakugeuka. Picha ilibadilika. Yule mpelelezi wa kwenye filamu, mwenye koti la mvua na sigara isiyozimika, alikwisha kuingia ofisini kwake na kumkuta mwanamke mrembo amekalia meza.

“Kaa chini we mama!” mtu alifoka kutoka nyuma.

“Mumeo hayupo hapa, mtafute baa!” mwingine akadakia, na safu nzima ikacheka.

Msichana wa kuonyesha viti alikuja na tochi, akammulika Ivy usoni. “Mama, unaumwa?”

“Haumwi,” alijibu Gladys Mott, jirani yake, akimvuta Ivy kwa nyuma ya gauni. “Anaolewa Jumamosi. Ni hofu tu. Ivy, shoga yangu, keti, watatutoa kabla ya picha kubwa.”

Picha kubwa ndiyo iliyowaleta watu. Hii ya mpelelezi ilikuwa ile ndogo ya kutangulia, ya bei ya chini, ambayo watu huiangalia huku wanavua makoti na kutafuta peremende.

“Umemwona?” Ivy alinong’ona.

“Nimwone nani? Nilikuwa chini ya kiti, peremende imenidondoka.”

“Sid.”

Gladys alimsogelea. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayeongea na mtoto mwenye homa, “Sid amekufa, mpenzi.”

“Basi tukae irudi tena.”

Walikaa. Sinema zile picha huzunguka mchana kutwa, na aliyekwisha kuingia hafukuzwi. Picha kubwa ilikuja na farasi wake na nyimbo zake, ikapita, Ivy hakuona hata mkia wa farasi mmoja. Alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa Gladys, na midomo yake inasali bila sauti.

Mpelelezi akarudi. Akatembea barabarani kwa madaha, kola juu. Na nyuma yake, upande wa kushoto, akapita mtu.

Mtu mrefu, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, bega la kushoto limelala kuliko la kulia.

Akaonekana kitambo cha kupepesa macho, akapotea.

Gladys aliacha kumung’unya peremende.

“Yesu wangu,” alisema. “Ni bega lile.”

Lilikuwa bega lile. Sid alibeba magunia bandarini tangu ujana, na magunia yalikuwa yamelilaza bega lake moja hata koti lake likawa linaning’inia kama limetundikwa kwenye msumari mmoja. Gladys mwenyewe ndiye aliyekuwa akimtania hivyo. Dunia ina mabega mengi, lakini la Sid Tapsell lilikuwa la Sid Tapsell.

Walitoka nje kwenye mwanga wa jioni. Gladys alijaribu kucheka akashindwa.

“Kama yu hai, Jumamosi itakuwaje?”

Ivy alikuwa amekwisha kutangulia. Alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, akimtazama kila mwanamume anayepita.

*

Asubuhi ilipokucha alikwenda moja kwa moja dukani kwa Wilfred Oakes.

Wilfred ndiye bwana harusi. Muuza mboga, mpole, hajaoa maisha yake yote. Wakati wa vita alikuwa mlinzi wa mtaa, mwenye kofia ya chuma na firimbi, wa kuwaingiza watu mahandakini na kuwahesabu wakitoka. Usiku nyumba ya Ivy ilipoanguka, Ivy alikuwa handakini. Sid alikuwa zamu ya usiku bandarini, na asubuhi hakurudi. Watu walisema labda alitoka kazini mapema akakutwa ndani.

Wilfred ndiye aliyechimba. Alichimba mpaka kucha zikang’oka. Akatoka na kiko cha Sid, kizima, hakina hata ufa.

“Mvuta kiko haendi popote bila kiko chake,” alimwambia Ivy siku ile, na Ivy akaanguka miguuni pake.

Ivy alikizika kile kiko. Kiko ndani ya kisanduku, kaburini, na jina la Sid juu yake. Kila Jumapili baada ya ibada alipeleka maua.

Na lilikuwepo jambo jingine, ambalo Ivy hakuwahi kumwambia mtu ila Gladys. Kila mwaka, mwezi wa Aprili, siku ile ile ya bomu, mtu aliweka shada la maua ya manjano kwenye kiwanja kitupu ilipokuwa nyumba yao. Halina kadi wala jina. Kila mwaka, hata theluji iwe imechelewa kuyeyuka. Ivy alijua ni nani. Nani mwingine katika mtaa ule angekumbuka, kama si yule aliyechimba kwa mikono yake? Hakumuuliza. Mwanamume mwenye haya humharibii sadaka yake kwa kumuuliza. Lakini Aprili ya mwaka huu, alipoyakuta yale maua yamelowa mvua, moyo wake ulilegea, akaenda dukani kwa Wilfred akamwambia lile “ndiyo” ambalo mtu wa watu alikuwa amelisubiri miaka mingi.

Sasa alisimama mbele yake na kumweleza habari za bega.

Wilfred alikuwa amepakata kabichi. Aliliweka chini. Akaenda bombani, akanawa mikono, akanawa tena, ingawa ilikuwa safi.

“Nilimchimba kwa mikono hii, Ivy.”

“Ulichimba ukapata kiko.”

“Ivy mpenzi. Mabega yanafanana.”

“Gladys naye amemwona.”

“Gladys humwona marehemu baba yake kwenye majani ya chai.”

“Wilf,” alisema Ivy, na sauti yake ilikuwa tulivu mno, “siwezi kupiga magoti na wewe mbele za Mungu huku mume wangu anatembea barabarani. Jina langu litakuwa nani? Na wewe utakuwa nani kwangu?”

Wilfred alifuta mikono kwenye aproni. Alimtazama kwa muda mrefu, na yeyote ambaye angemwona angeapa kwamba alikuwa mtu anayependa sana.

“Basi twende,” alisema. “Twende kwa hao watu wa filamu, tuulize. Ukishajua ni mtu mwingine, utalala usingizi. Nitafunga duka.”

Je, mwanamume mwenye la kuficha angefunga duka?

*

Studio yenyewe ilikuwa jumba la zamani kusini mwa mji, lenye bustani iliyochoka. Ngazi zake zilikuwa zimeandikwa BENKI upande mmoja na KITUO CHA POLISI upande wa pili, na fundi mmoja alikuwa anabandua ile ya benki ili pawe hospitali.

Kwenye ngazi, amevaa koti la mvua siku ya jua kali, alikaa mpelelezi mwenyewe, anakula mkate wa mayai.

Ivy alimtambua mara moja. Alimwendea kama anavyoendewa mchungaji.

“Wewe ndiye mpelelezi?”

“Mpaka saa ya chai, mama,” alisema yule bwana. Jina lake Desmond Carraway, na kwa karibu alikuwa mzee kuliko kwenye pazia, rangi ya nywele imechuruzika hadi shingoni. “Kama unataka sahihi yangu, sina kalamu. Kama unataka kunipiga, subiri nimeze.”

“Ulipita karibu na mume wangu.”

Desmond alimtupia Wilfred jicho. “Sijamgusa, bwana.”

“Si huyu,” alisema Ivy. “Huyu ni wa Jumamosi. Yule wa kwanza. Barabarani, ulipoinua kola, yeye akapita nyuma yako. Mlikuwa hatua mbili tu. Niambie ilikuwa lini. Niambie alikuwa anaelekea wapi.”

Desmond alicheka. Halafu akauona uso wa Ivy vizuri, akaacha kucheka, akaweka mkate wake kwenye ngazi.

“Amepotea?”

“Alikufa. Lakini jana nimemwona.”

“Mama,” alisema Desmond, na sasa sauti yake haikuwa ya kwenye filamu, “mimi sikuwa barabarani.”

“Nimekuona kwa macho yangu!”

“Uliniona nikitembea humu ndani, chumba cha nyuma, palepale nilipo, kama punda wa kinu. Nyuma yangu kuna pazia, na kwenye pazia wanatupia picha ya barabara kwa mashine. Filamu zetu ni za kuunga unga. Hatuwezi kufunga barabara na kulipa watu wapite. Basi tunanunua barabara kuukuu, zilizopigwa picha na watu wengine zamani, zikatupwa.”

“Kwa hiyo hukumwona?”

“Nilikuwa nimempa mgongo. Naye hakuwepo, mama. Hata mimi sikuwepo.”

Ivy alishika nguzo ya benki. Nguzo ilikuwa ya mbao nyembamba, ikayumba.

Wilfred alipumua. Pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo.

“Umesikia, Ivy? Picha kuukuu. Sid alikuwa mtu wa Deptford, alipita barabarani, akapigwa picha, kabla ya vita. Ndivyo ilivyo. Bwana, asante sana, tumekupotezea muda.”

“Zamani gani?” Ivy alimuuliza Desmond.

“Ivy, twende.”

“Nimeuliza, zamani gani?”

Desmond alijikuna shingo, rangi ya nywele ikambakia kidoleni. “Mimi nasema maneno ninayopewa tu. Nesta ndiye ajuaye. Nesta Pugh, ndiye anayekata na kuunga mikanda ya filamu. Njooni. Msiwashtue wale waigizaji wawili wa maiti ukumbini, wamelala kweli, wamechoka.”

*

Nesta Pugh alikuwa mwanamke mfupi kutoka Wales, mkasi unaning’inia shingoni kwa utepe, na vidole vyake vyote vimejaa alama za kukatwa na mikanda. Alimsikiliza Ivy hadi mwisho bila kumkatiza. Halafu akavuta kiti, akakipangusa.

“Keti, dada. Mumeo ninamjua.”

Ivy alikishika kiti lakini hakukaa.

“Ninamjua kwa sura tu,” Nesta aliongeza haraka. “Mtu wa kushoto. Nimemrudisha nyuma na mbele wiki nzima ili miguu ya Desmond ilingane na barabara. Nilisema moyoni, huyu mtu anatembea kama aliyepotelewa na kitu.”

“Picha ilipigwa lini?” Wilfred aliuliza.

“Sijui, bwana. Mikebe ya mikanda ilikuja imechanganyika. Mingine ni ya kabla ya vita, mingine ya wakati wa vita.”

“Ya kabla ya vita,” alisema Wilfred, akimwekea Ivy mkono begani. “Inaonekana wazi. Watu wanatembea, hakuna kofia za chuma, hakuna moshi. Kabla ya vita, Ivy. Ulikuwa naye nyumbani siku hiyo, pengine ulikuwa unampikia.”

Ivy aliinamisha kichwa. Hapo, msomaji, ndipo alipofiwa na Sid mara ya pili. Mara ya kwanza alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kulikuwa na moto na kelele na watu wengi wa kulia nao. Mara hii palikuwa kimya, na saa ya ukutani.

Alifungua mkoba wake polepole. Akatoa pakiti ndogo, akaiweka mezani katikati ya mikasi.

“Nini hicho?” Desmond aliuliza kutoka mlangoni.

“Tumbaku,” alisema Ivy. “Ile aipendayo. Nilipita dukani asubuhi. Nilisema nikimkuta, nisimkute mikono mitupu.”

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Desmond alivua kofia yake ya upelelezi.

Nesta alipenga kamasi, akageukia meza yake. Akavuta kipande cha mkanda, akakiinua mbele ya taa, akampa Ivy kioo cha kukuzia.

“Mwangalie vizuri, dada. Kwaheri njema ni haki yako. Chukua muda.”

Ivy aliweka jicho. Akamwona Sid, mdogo kama punje ya shayiri, mguu mmoja hewani. Akaona barabara. Akaona duka la samaki pembeni. Akaona kanisa nyuma ya paa.

Akasogeza kioo karibu zaidi.

“Kanisa halina kichwa,” alisema.

“Nini?”

“Mnara. Mnara umekatika.”

Wilfred aliondoa mkono begani.

“Mnara ule ulianguka usiku ule ule wa nyumba yetu,” alisema Ivy, na maneno yalitoka moja moja. “Kengele ililia ikianguka. Tuliisikia kule handakini, sote tukaanza kusali. Wilf, na wewe ulikuwepo. Siku moja kabla ya bomu mnara ulikuwa mzima.”

“Huenda ni kanisa jingine.”

“Nilibatizwa mle, Wilf.”

“Makanisa mengi yalikatika minara, mpenzi.”

“Nilibatizwa mle. Nimeolewa mle.” Aligeuka, macho makavu. “Sid alipita pale baada ya bomu. Baada! Nimekizika kiko, na mwenyewe anatembea barabarani. Alikuwa hai na hakuja nyumbani. Kwa nini hakuja nyumbani?”

Lo! Hilo ndilo lililomchoma kuliko kifo. Mume aliyekufa ni wako milele. Mume aliye hai asiyerudi ni wa nani?

“Labda alikuwa na mwingine,” alisema Wilfred kwa upole. “Sikutaka kulisema. Vita viliwapa wanaume wengi nafasi ya kuondoka. Amekuacha, Ivy. Muda wote huo ameshindwa hata kubisha hodi. Mimi sijakuacha hata siku moja.”

Ivy alifumba macho. Pengine angelia hapo, akamwegemea, wakaondoka, Jumamosi ikafika na keki ikakatwa.

Lakini Nesta Pugh alikuwa amekwisha kuinama chini ya meza.

“Mimi nilitumia kijipande tu,” alisema, akitoka na mkebe wenye kutu. “Desmond hutembea haraka. Mkanda wenyewe ni mrefu. Unaendelea.”

“Inatosha,” alisema Wilfred.

Alilisema kwa nguvu hata Desmond akageuka.

“Ninasema ameumia vya kutosha,” Wilfred alijirekebisha. “Bibie, huoni? Unamkata nyama mtu aliye hai.”

“Dada?” Nesta alimuuliza Ivy.

“Weka,” alisema Ivy.

*

Waliketi kwenye chumba kidogo, mapazia yameshushwa. Wilfred alikaa kulia kwa Ivy, akamshika mkono. Desmond alisimama nyuma. Mashine ikaanza kukoroma.

Barabara ikaja. Kanisa lisilo na kichwa. Sid akaingia kutoka kushoto, bega limelala.

Safari hii hapakuwa na mpelelezi wa kumziba.

Sid alifika kwenye kona akasimama. Alitazama mahali ambapo mtaa wake ulikuwa unaanzia. Palikuwa na kamba, na nyuma ya kamba kifusi. Akaweka mkono mdomoni.

“Anatafuta nyumba,” Ivy alinong’ona. “Alikuja. Jamani, alikuja.”

Mtu mmoja alikuwa amesimama kwenye kamba, ameipa kamera mgongo, kofia ya chuma kichwani. Mlinzi wa mtaa. Sid alimkimbilia. Akamshika mikono yote miwili, akawa anasema, anasema, anaonyesha kifusi.

Mlinzi alitikisa kichwa.

Sid akauliza tena.

Mlinzi akatikisa kichwa tena, taratibu, akaweka mkono juu ya bega lile lililolala.

Sid akavua kofia. Chini ya kofia kichwa chake kilikuwa kimefungwa bendeji kuanzia nyusi hadi kisogo, bendeji ya hospitali, nene. Hapo kila mtu chumbani akajua alikuwa wapi siku zile zote.

“Amemwambia nini?” Desmond aliropoka gizani. “Yule mlinzi amemwambia nini?”



Sid alianza kuondoka. Alitembea kama kipofu, kofia mkononi, kando ya duka la samaki. Nje ya duka palikuwa na foleni ya wanawake na vikapu vyao, migongo imeelekea barabara. Akapita nyuma yao mmoja mmoja. Akapita nyuma ya mwanamke mwenye koti kubwa la miraba, lisilo lake, mabega yamezidi, mikono imekunjwa mara mbili.

Karibu hivyo, msomaji, hata angenyoosha mkono angeligusa.

Akaenda.

Sauti iliyomtoka Ivy haikuwa kilio. Ilikuwa ndogo kuliko hapo.

“Koti la mama yake mchungaji,” alisema.

“Koti la nani, dada?” Nesta aliuliza.

“Nguo zangu zote ziliungua. Akina mama wa kanisa walinipa la marehemu mama yake mchungaji. Gladys alinicheka, alisema ninafanana na kitanda kilichotandikwa.” Aliinua kidole, akakielekeza kwenye pazia. “Ni mimi. Yule pale ni mimi. Nilikuwa nanunua samaki.”

Mashine ilikoroma. Foleni ikasogea hatua moja. Mwanamke mwenye koti la miraba akahamisha kikapu kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Sid alikuwa amekwisha kupotea mwisho wa barabara.

Na hapo, kule kwenye kamba, mlinzi wa mtaa akageuka.

Alitazama upande alioelekea Sid, mpaka akahakikisha ameondoka. Kisha akatazama foleni. Akalitazama koti la miraba, kwa muda mrefu, kama mtu anayependa sana. Akavua kofia ya chuma ajifute jasho.

Mwanga wa jua ukamwangukia usoni.

Ivy alihisi kiganja chake cha kulia kimekuwa baridi. Hakuna mkono uliokishika tena. Alisikia kiti kikisogezwa, na nyayo, na kitasa cha mlango.

Desmond Carraway, ambaye maisha yake yote alikuwa amekamata wahalifu wa uongo, alisimama mbele ya ule mlango, na hakujua aseme nini, kwa sababu hakuna aliyemwandikia.

Mkanda uliisha. Pazia likawa jeupe.

“Wilf,” alisema Ivy bila kugeuka. “Alikuuliza nini?”

Wilfred alijaribu kupita, Desmond hakumpisha.

“Nimekuuliza kwa jina la Mungu tutakayesimama mbele yake wote watatu. Sid alikuuliza nini?”

Wilfred aliegemeza paji la uso ukutani, kando ya mlango.

“Mara ya kwanza aliuliza uko wapi,” alisema. “Mara ya pili aliuliza kama uliumia.”

“Ukamjibu.”

“Nilimjibu hukuumia. Kwamba ulikufa mara moja tu, ukiwa usingizini. Ivy, nilikuwa nimekupenda tangu...”

“Nyamaza.”

Nesta hakuwasha taa. Mkia wa mkanda ulikuwa unazunguka, unapiga chuma, tap, tap, tap.

Ivy alikaa akitazama ule weupe. Alikuwa anamfikiria mwanamume mwenye bendeji anayeamini kwamba mkewe yuko chini ya kifusi. Mwanamume wa namna hiyo huenda wapi? Na siku ile ya mwaka ikirudi, kama bado anapumua, hufanya nini?

Akashika ukingo wa kiti, akageuka polepole.

“Wilf. Yale maua ya manjano. Ya kila Aprili. Ya mwaka huu.”

Wilfred Oakes alimtazama, na machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni.

“Sikuwahi kusema ni yangu, Ivy,” alisema.